Masikio huru, mikono kazini: je, kusikiliza tu kunatosha kumfaulisha mtahiniwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, nina miaka 24, na mwaka huu nimejiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yanayonisumbua ni Historia, Biolojia, Kiingereza na Hisabati. Muda wa kukaa na daftari ninao saa moja tu usiku, lakini masikio yangu yako huru mchana kutwa. Kwa hiyo nimejirekodi kwenye simu nikisoma notsi zote, ninazisikiliza nikishona, na usiku ninaacha hedifoni masikioni hadi asubuhi. Kusoma kumekuwa kutamu, sichoki kama zamani. Tatizo ni kwamba wiki iliyopita rafiki yangu aliniuliza maswali kumi ya sura ya Maji Maji, ambayo nimeisikiliza zaidi ya mara ishirini, nikapata matatu. Je, njia hii ni bure, au kuna namna ya kuifanya izae bila kuupoteza utamu wake? Na je, nirekodi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimefurahi kwamba ulikubali kupimwa kabla ya kuniandikia, kwa sababu yale matatu kati ya kumi yananieleza hali yako vizuri kuliko maelezo mengine yote. Rafiki yako alikufanyia jambo moja ambalo rekodi yako haikuwahi kukufanyia katika mara zote ishirini: alikuuliza, kisha akanyamaza akingoja.

Kabla sijaendelea, nakuomba ufanye jaribio dogo. Bila kufungua pochi, niambie noti ya shilingi 2,000 ina picha gani upande wa nyuma. Simba wa upande wa mbele wengi humtaja mara moja. Upande wa nyuma kuna Ngome Kongwe ya Zanzibar, na wewe unayepokea noti hiyo kwa wateja karibu kila siku umeitazama mara zisizohesabika. Ikiwa jibu halikukujia, usijilaumu. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nickerson na Adams, waliwaomba watu wazima waichore kwa kumbukumbu sarafu ya senti moja ya nchi yao, na wengi hawakuweza kuweka hata nusu ya alama zake mahali panapostahili. Kitu kinaweza kupita mbele ya macho au masikioni mwa mtu maisha yake yote kisiache zaidi ya hisia kwamba anakijua.

Hisia hiyo ndiyo iliyokudanganya. Kulitambua jambo linapotajwa na kulitoa kichwani pasipo msaada ni kazi mbili tofauti, na mtihani hupima zaidi ile ya pili. Unapanda daladala, redio inapiga wimbo uupendao, unaimba na mwimbaji neno kwa neno; dereva akizima redio katikati ya ubeti, unakwama. Wimbo ulikuwa ukikubeba, na ulipoondoka ukabaki na kiitikio tu. Rekodi yako inakubeba vivyo hivyo: kila sentensi inaifungulia mlango sentensi inayofuata, nawe unaitikia moyoni kwamba naam, hili nalijua.

Kuna jaribio moja ambalo huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka, na sichoki kulirudia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Kundi moja liliisoma habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likafunga karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tu waliongoza: walikumbuka asilimia 83 ya habari, na wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Tena wale waliosoma tu ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba watakumbuka. Nakuomba uiweke moyoni hali hiyo, kwa maana utamu unaousikia sasa unaweza kuwa ni ule wa dakika tano za mwanzo.

Hata hivyo sitakuambia ufute kila kitu na urudi kwenye daftari peke yake, kwa sababu kujifunza kwa kupokea, yaani kwa kusikia au kuona bila kukazana, kuna kazi zake halali, na nyingine kunazifanya vizuri sana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, Jenny Saffran na wenzake waliwaweka watoto wa miaka sita na saba, pamoja na watu wazima, wachore picha kwenye kompyuta. Nyuma yao kanda ilikuwa ikitoa mfululizo wa silabi zisizo na maana wala pumziko, ambazo ndani yake mlifichwa maneno sita ya kubuni, na hakuna aliyeambiwa kwamba atapimwa. Baada ya dakika 21, watoto na wakubwa walipopimwa waliweza kuyatambua maneno hayo kwa kiwango ambacho kubahatisha hakuwezi kukieleza. Sikio lilikuwa limefanya kazi peke yake, mikono ikiwa kwenye picha. Ndivyo sisi sote tulivyojua methali za kanga kabla hatujafundishwa methali darasani, na ndivyo mtoto wa jirani anavyojua lafudhi ya mtangazaji wa mpira. Kwa mwendo wa lugha, matamshi na mpangilio wa sauti, kusikia bila kukazana ni mwalimu wa kweli.

Jaribio la pili linakuhusu zaidi, ingawa linahusu sauti tupu na si Historia, kwa hiyo nalitumia kwa tahadhari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2010, walitaka kujua jinsi watu wanavyojifunza kutofautisha milio inayokaribiana sana. Waliona kwamba mtu aliyefanya mazoezi kidogo, kisha akaendelea kusikia milio ileile huku akifanya kazi nyingine ya maandishi, alinufaika na usikivu huo wa pembeni, ilhali kusikia peke yake, pasipo mazoezi, ni nadra kumfikisha mtu popote. Kilichonivutia ni suala la muda: kusikiliza kulikokuja dakika 15 baada ya mazoezi kulikuwa na nguvu pungufu, na kulikokuja saa nne baadaye hakukuwa na faida yoyote. Kwa maneno mengine, kupokea kulifaa pale kulipokaa ubavuni mwa kuhangaika.

Sasa tazama ratiba yako. Unahangaika na daftari usiku, halafu unasikiliza kesho yake mchana, tena unasikiliza sura zote kwa pamoja, hata zile ambazo bado hujazisoma sawasawa. Mimi ningeivunja ile saa moja vipande viwili. Nusu saa iwe asubuhi kabla ya kufungua kibanda, uisome mada moja tu na daftari mkononi, ulifunge, uandike unachokumbuka, ulifungue na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Kisha ukishakaa tu kwenye cherehani, rekodi ya mada hiyohiyo ianze. Nusu saa ya usiku iwe ya kuandika majibu marefu, bila rekodi wala daftari.

Rekodi yenyewe lazima ibadilike. Nadhani ya sasa inasema hivi: "Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905 katika Umatumbi, pale watu wa Nandete walipong'oa pamba..." na kuendelea bila kuvuta pumzi hadi 1907. Ifute, binti yangu, japo najua ilikugharimu jioni nzima. Rekodi mpya iwe ya maswali. Unauliza kwa sauti: "Vita vya Maji Maji vilianza mwezi gani na mwaka gani?" Unanyamaza, unahesabu moja hadi sita kimoyomoyo, ndipo unajibu: "Julai 1905." Unauliza: "Vilianzia wapi, na kitendo cha kwanza kilikuwa kipi?" Kimya cha sekunde kumi. "Nandete, katika Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima." Unauliza: "Kinjekitile Ngwale aliishi wapi, na maji yake yaliahidi nini?" Kimya. "Ngarambe, yaliahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji." Kwa maswali ya kutaja sababu tatu au nne, acha kimya cha nusu dakika nzima, ambacho kwako ni sawa na mshono mmoja wa upande wa sketi.

Kimya hicho ndicho somo lenyewe. Wakati wa kurekodi utaona kama unapoteza nafasi kwenye simu, na siku mbili za kwanza utakereka, kwa sababu jibu halitakuja na sauti itakuwahi. Siku ya tatu utaanza kuiwahi wewe, na hapo utakutana na utamu wa aina nyingine. Ule wa sasa unafanana na wa kusinzishwa na redio. Huu mwingine ni wa kumjibu mtu kabla hajamaliza kuuliza, na watu wengi niliowafundisha hawakutaka tena kurudi kwenye rekodi ya kusoma mfululizo. Usishangae ukijikuta unajibu kwa sauti mbele ya mteja. Mwambie unasoma, wateja wengine watakuuliza maswali wenyewe, na hiyo ni faida ya bure.

Mambo mawili madogo kuhusu rekodi hiyo. Kwanza, usirekodi sura nzima kwa mkupuo mmoja. Fanya vipande vifupi vya swali na jibu, kisha iache simu ivichanganye, kwa maana ukizoea kwamba baada ya Kinjekitile huja Wangoni, utakuwa unakumbuka foleni badala ya Historia. Pili, mwombe yule rafiki yako asome baadhi ya maswali kwa sauti yake, ikiwezekana kwa ukali wa mwalimu wa zamu. Sauti yako mwenyewe ukiisikia mwezi mzima utaiziba masikio bila kujua, kama ulivyoacha kusikia mlio wa cherehani yako.

Tukiwa hapo kwenye cherehani: si kila kazi ya fundi inaruhusu kusikiliza. Kupiga pindo, kufumua mshono, kubandika vifungo, kushona mishono mirefu iliyonyooka, hizo mikono inazijua yenyewe, na akili inabaki na nafasi. Lakini unapompima mteja au unapokata kitambaa, zima. Akili haikai kwenye namba za kiuno na kwenye mishipa ya moyo kwa wakati mmoja. Itakuwa inaruka kutoka huku kwenda kule, na hasara utaiona kwenye kitambaa cha mtu kabla hujaiona kwenye mtihani. Bahati njema mtihani wenu ni Novemba na msimu wa sare za shule hupamba moto Desemba na Januari, kwa hiyo miezi hii unaweza kupanga kazi nyepesi zifuate moja kwa moja baada ya nusu saa yako ya asubuhi.

Kuhusu hedifoni za usiku, jibu langu ni fupi: zitoe. Mwaka 1956 Simon na Emmons walichapisha jaribio ambalo waliwasomea watu maswali na majibu usiku kucha huku wakifuatilia mawimbi ya ubongo kwa mashine. Yaliyosomwa mtu akiwa macho au akisinzia yalikumbukwa kwa kiasi, lakini mara mashine ilipoonyesha usingizi wa kweli, hakuna kilichobaki. Mimi mwenyewe niliijaribu nilipokuwa kidato cha sita, kwa redio ya kaseti na mkanda wa dakika 90 niliourekodi notsi za Jiografia. Kila upande ulichukua dakika 45, na ulipokwisha kitufe kilifyatuka kwa kishindo, nikashtuka, nikaugeuza, nikalala tena. Kwa wiki nzima nilikwenda darasani macho mekundu, na kuhusu volkano sikuongeza hata neno.

Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni wanasayansi wameona jambo linalofanana na ndoto yako. Mwaka 2009 John Rudoy na wenzake waliwafundisha watu mahali pa picha 50 kwenye skrini, kila picha na mlio wake, kwa mfano paka na sauti ya paka. Kisha watu hao walipolala mchana, walipigiwa milio ya nusu ya picha hizo kwa sauti ya chini, na walipoamka walizikumbuka nafasi za picha hizo vizuri kuliko za nyingine. Lakini zingatia kwamba walikuwa wamekwisha kujifunza wakiwa macho, na kilichorudishwa usingizini ni mlio mfupi tu. Hakuna aliyewasomea sura nzima. Usingizi wenyewe ndio wenye thamani. Tangu jaribio la Jenkins na Dallenbach la mwaka 1924 tunajua kwamba anayejifunza kisha akalala husahau kidogo kuliko anayejifunza kisha akaendelea na shughuli za mchana kwa saa zilezile. Kwa hiyo andika majibu yako usiku, zima taa, lala.

Hukuuliza kuhusu muziki, lakini nimekwisha kuona vibanda vingi vya mafundi na najua redio haizimwi. Unaposhona pasipo rekodi, piga upendacho. Unaposoma au kuandika, muziki wenye maneno ni adui, kwa sababu maneno yanayosikika huingia hata usipoyataka na kugombania nafasi ileile ambayo ubongo unaitumia kushika unachokisoma. Salamé na Baddeley walilionyesha hili katika miaka ya 1980, na waliona pia kwamba muziki wa ala tupu huvuruga kidogo kuliko wa kuimba. Singeli, basi, isubiri hadi daftari lifungwe.

Hisabati iondoe kabisa kwenye mpango wa kusikiliza. Hesabu hujifunzwa kwa kalamu na kwa kukosea, na mtu aliyesikia namna ya kutafuta eneo la pembetatu mara mia anaweza kushindwa swali la kwanza. Kama umebandika kanuni ukutani, zihamishe kila wiki, maana karatasi ikikaa mahali pamoja siku kumi inageuka kuwa sehemu ya ukuta. Tena uzifunike majibu kwa kipande cha kitambaa, ili kuyaona iwe lazima ukinyanyue, na kabla hujakinyanyua uwe umejaribu.

Kiingereza ni habari tofauti, na hapo njia yako inastahili nafasi kubwa kuliko uliyoipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza takribani 250 katika kila shule ya vijijini waliyoichagua huko Fiji, ambako watoto hawazungumzi Kiingereza nyumbani, na watoto waliosoma hadithi hizo kwa kufurahia tu waliwapita kwa mbali wenzao waliofuata masomo ya kawaida ya sarufi na mazoezi. Sharti lake ni kwamba uelewe karibu kila kitu. Usikilize na usome vilivyo chini kidogo ya kiwango chako: hadithi za watoto, taarifa ya habari iliyosomwa polepole, mazungumzo ya kawaida. Ukihesabu maneno mageni zaidi ya mawili au matatu katika maneno mia moja, utamu unapungua na unachokisikia kinaanza kuwa kelele. Hapo huhitaji kimya wala maswali. Shona na usikilize hadithi, na ile iliyokufurahisha irudie.

Na kuhusu swali lako la mwisho, kwa Historia na Biolojia rekodi kwa lugha zote mbili, lakini usizichanganye ovyo. Swali liwe kwa Kiingereza, kwa maneno yaleyale yanayotumika kwenye karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na jibu liwe kwa Kiingereza, kwa kuwa utajibu kwa Kiingereza. Baada ya jibu, weka sentensi moja au mbili za Kiswahili zinazoeleza kwa nini jibu liko hivyo, kama unavyomweleza mdogo wako: kwamba damu inayotoka chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia, inakwenda kwenye mapafu kwanza kwa sababu haina oksijeni ya kutosha, na inarudi upande wa kushoto ndipo isukumwe mwilini. Ukishindwa kuieleza sentensi hiyo kwa Kiswahili wakati wa kurekodi, simama hapohapo, usiirekodi mada hiyo siku hiyo, urudi kwenye kitabu. Anza na sura ya Maji Maji kesho asubuhi, na Jumapili ijayo mwambie rafiki yako akuulize tena maswali yale kumi, ila ayapange upya.